Sahani ya kumi

Ilikuwa Agosti, Tokyo, joto la kunata kama Dar ya mwezi wa pili ila upepo wa bahari ndo hakuna. Nilikuwa nasoma huko, jioni naosha vyombo kwenye kimgahawa cha mzee mmoja, tulikuwa tunamwita Taishō. Jumanne ya wiki hiyo nikavunja sahani yake, zile za buluu za zamani. Mzee akaangalia vipande asiseme neno, yaani bora angenitukana.

Jumamosi mwanafunzi mwenzangu akanivuta twende makumbusho kuona picha za mizimu, maana kwao hadithi za kutisha ni za kipindi cha joto, wanasema ukisisimka mwili unapoa. Mi mtoto wa Tanga bwana, majini nimesimuliwa tangu nanyonya, nikaingia kifua mbele.

Zile picha zinachapwa kwa mbao za kuchonga, kila rangi na ubao wake. Iliyonigandisha ni ya Hokusai, mchoraji wao wa zamani, ya 1831 hivi: binti anatoka kisimani, nywele zimemwagika, mdomoni moshi, na shingo ndeeefu kama nyoka, kumbe ni sahani tupu zimepangana. Mwenzangu akaniambia huyo ni Okiku, mtumishi wa ndani, sahani moja kati ya 10 za bosi wake haikuonekana, akauawa, akatupwa kisimani, sa kila usiku anahesabu mpaka tisa halafu analia. Wengine husimulia alikuja kutulia siku mtu alipojificha pale karibu, alipofika tisa jamaa akapayuka "juu!", yaani kumi kwa Kijapani. Nikameza mate, nikakumbuka Jumanne.

Mbele kulikuwa na picha za Kōgyo, mtoto wa kambo wa Yoshitoshi (huyo alichora mizimu 36). Kōgyo yeye zaidi alichora noh, maigizo ya kale ya vinyago. Kuna moja inaitwa Aoi no Ue, mgonjwa wake jukwaani si mtu, ni kimono imetandikwa tu sakafuni, na anayemwandama wala hajafa, ni mwanamke mzima ambaye wivu umemzidi mpaka roho ikatoka kwenda kutesa yenyewe. Hiyo ndo iliniogopesha kuliko maiti zote. Kinyago chake kina pembe, kimoja kilikuwa kwenye kabati la kioo, ukikitazama usoni kinakung'akia, mwenzangu akasema nyanyuka ukitazame kwa juu, nikasimama kwa vidole, na kweli kikawa kinalia.

Usiku nikarudi kwenye sinki. Nikafikia zile za buluu, sijui nini kilinituma nikaanza kuhesabu, taratibu, kwa Kijapani, ichi, ni, san... kufika kyuu zimeisha, mikono ikabaki ndani ya povu.

"Juu!"

Ilitokea nyuma yangu, sauti nzito, na mimi Kijapani chote kikanitoka nikainua macho nikatazama dari. Taishō alicheka mpaka akakaa kwenye kreti la bia.