Nilivyorudi kusali kwa kufua vitambaa vya altare

Kwenye matangazo ya Jumapili husomwa majina ya waliochangia mabati, ya wachumba wanaotarajia kufunga ndoa, na ya jumuiya iliyovuka lengo la zaka. Kazi yangu haisomwi, na siku hizi naiona hiyo kuwa bahati. Nafua vitambaa vya altare, yaani meza ya misa, katika parokia moja ya Dar es Salaam: korporale, purifikatori, vitaulo vya padre vya kufutia mikono, na vile vitambaa virefu vinavyofunika altare yenyewe.

Niliianza wakati sala imenikauka. Baada ya kumzika mama yangu niliendelea kwenda jumuiya kama kawaida, rozari mkononi, midomo ikitamka Salamu Maria huku moyo uko kwingine kabisa. Nikakimbilia mambo makubwa: novena za siku tisa, mikesha, hija ya Bagamoyo. Nilirudi na uchovu tu. Bibi mmoja wa jumuiya yetu, aliyehudumia sakristia, chumba cha kuandalia misa, tangu tukiwa bado kigango, kabla ya kuwa parokia, hakunipa ushauri wala mstari wa Biblia. Baada ya "Tumsifu Yesu Kristo" na "Milele amina" alinikabidhi mfuko.

"Mwanangu, macho yangu hayaoni madoa tena. Nisaidie hivi vya wiki hii."

"Sawa Bibi, nitavileta Jumamosi."

Hakuna aliyetaja imani. Nilidhani nimepewa kazi ya mikono, basi.

Kumbe ina utaratibu wake. Korporale ndicho kitambaa ambacho juu yake huwekwa patena, kisahani cha hostia, na kalisi, kikombe cha divai, kwa hiyo chembe za Ekaristi, tunayoiamini kuwa Mwili wa Kristo, zaweza kubaki humo. Haikung'utwi. Hukunjwa kwa ndani, theluthi theluthi, mpaka ukiifungua unaona miraba tisa. Purifikatori, inayofutia kalisi, ina unyevu wa divai. Vyote viwili huloweshwa kwanza katika maji matupu, bila sabuni, na maji hayo hayamwagwi chooni wala kwenye mtaro. Penye sakrario, yaani karo ambalo bomba lake linaishia ardhini moja kwa moja, humwagwa humo. Pasipo nalo, hupelekwa kwenye udongo mahali pa heshima. Maagizo ya Vatikano ya mwaka 2004 kuhusu Ekaristi yanasifu desturi hiyo, ufuaji huo wa kwanza ukiwa wa mkono. Bibi hakuwahi kuyasoma. Alikuwa akimwaga chini ya mwarobaini wa sakristia miaka yote hiyo.

Baada ya hapo ndipo unaanza kufua kama watu wote, na Dar ina visa vyake. Maji ya kisima kwetu ni ya chumvi: sabuni haitoi povu, na kitambaa cheupe kinageuka rangi ya majivu. Nikajifunza kukinga maji ya mvua wakati wa masika na kuyatunza kwenye madumu, hata kama masika ndiyo hayohayo yanayokataa nguo zikauke. Nta ya mishumaa naiweka kwenye friji hadi igande, naikwangua kwa kijiko, halafu napitisha pasi juu ya karatasi inyonye iliyobaki. Umeme ukikatika naahirisha kunyoosha. Pasi ya mkaa nilishaiogopa, maana cheche moja inatosha kutoboa korporale. Na Jumamosi za ndoa usishangae kukuta rangi ya mdomo ya bibi harusi kwenye purifikatori, kwa kuwa maharusi hukomunika kwa maumbo yote mawili, mkate na divai. Sabuni ya vyombo huitoa, mradi uipake kabla ya maji ya moto. Dawa ya kung'arisha situmii, inakula nyuzi.

Lini sala ilirudi, siwezi kusema. Najua tu kwamba wakati wa kunyoosha, mikono ikiwa na shughuli na akili ikiwa tulivu, nilianza kumtaja mama. Kisha mgonjwa wa jirani. Kisha nikajikuta nimemaliza fungu zima la rozari bila kujilazimisha. Pengine kwenye mikesha nilikuwa nikijikagua mno: je, nimeguswa leo? Mbele ya doa la divai hujikagui, unaangalia doa.

Siku moja padre alihubiri juu ya Naamani, yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma, katika Wafalme wa Pili sura ya tano. Naamani alikasirika kwa sababu nabii Elisha hakutoka hata nje kumwona, akamtumia mjumbe tu: kaoge mara saba katika Yordani. Watumishi wake ndio waliomtuliza. Angeambiwa jambo kubwa asingelitenda? Nilikaa nikicheka peke yangu kwenye benchi. Mimi nami nilikuwa nikitafuta jambo kubwa, nikapewa beseni.

Tangu hapo namwelewa zaidi Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, ambaye zamani nilimwona mtakatifu wa maua na kadi tu. Alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, mtawa wa Karmeli, monasteri ya Lisieux nchini Ufaransa. Alihudumu sakristia, akafua na wenzake, na anasimulia sista mmoja aliyekuwa akimrushia maji machafu usoni wakati wa kufua. Akaamua kutojifuta wala kusogea. Mwanamke huyo aliyejifungia monasterini ndiye Papa Pio wa Kumi na Moja alimtangaza mwaka 1927 kuwa msimamizi wa misioni, pamoja na Fransisko Ksaveri aliyefika hadi Japani. Mimi maji machafu ningejifuta, niseme kweli.

Sasa halmashauri ya walei, waumini wanaosaidia kuendesha parokia, inataka kununua mashine ya kufulia. Wengine walidhani nitapinga. Nimewaambia wainunue, vitambaa virefu vya altare ni vizito na mgongo wangu si wa jana. Ila maji ya kwanza ya korporale na purifikatori yabaki ya mkono, na mwarobaini usikatwe kupisha maegesho ya magari. La mashine wamekubali. La mwarobaini bado tunabishana.