Lisani ya Ghaibu, Behewa la Tatu

Treni ilitoka Tabora asubuhi, jua limeshapanda. Hedifoni nilizisahau nyumbani, kwa hiyo sehemu ya pili ya filamu ya Dune, ile ya 2024, behewa zima liliisikia. Mzee wa Ujiji aliyekaa karibu nami, dumu la asali amelibana kwa miguu, hakujishughulisha nayo mpaka watu wa jangwani walipoanza kupaza sauti: "Lisan al-Gaib!"

"Mwanangu, hao Waarabu wa wapi?"

"Si Waarabu, mzee wangu. Wako sayari nyingine."

"Na lisani ya ghaibu, ulimi wa yaliyofichika, wameitoa wapi?"

Frank Herbert, Mmarekani, alitoa kitabu chake cha Dune mwaka 1965, akiwa amekijaza Kiarabu. Mahdi yumo. Usul, jina analopewa kijana Paul, shujaa wa hadithi, ni usuli yetu hii hii. Huko Marekani yanasikika maneno ya ajabu. Mzee aliyesoma chuo cha Kurani yeye anasikia darasa. Jihadi imejaa kitabuni, ila filamu ya 2021 ikaona heri iseme vita vitakatifu. Woga tu, naona mimi.

Baada ya Kaliua, miombo ikafunguka kidogo. Kijana wa Kisukuma alikuwa amesimama, fimbo mabegani, redio shingoni, ng'ombe hawahesabiki. Mzee akamtazama, akarudi kwenye simu yangu.

"Na hawa mifugo yao iko wapi?"

Sikuwahi kuliwaza hilo. Wahamaji gani hawana hata mbuzi? Wamepewa vazi linalokusanya jasho na kulifanya maji ya kunywa, wamepewa mapango, lakini maziwa hakuna. Filamu ya Star Wars ya 1977 ilifanya kinyume: watu wake wa mchangani wana mnyama wa kupanda (kwa kweli tembo aliyevalishwa manyoya), ila wao wenyewe wananguruma tu. Ilibidi wangoje tamthilia ya The Mandalorian, ya ulimwengu huo huo, 2019, ndipo wakapata lugha ya alama, iliyotungwa na mwigizaji kiziwi, Troy Kotsur.

Simu ilizimika kabla ya Uvinza, Paul akiwa juu ya mnyoo wa mchangani, mrefu kuliko treni yetu.

"Sasa anashukaje?" mzee akauliza.

Nimeiona filamu hiyo mara tatu. Hawaonyeshi.

"Basi bado yuko juu," akasema, akafungua dirisha kuita muuza mahindi.