Machi ya barua mbili

Barua ya kwanza iliingia kwenye barua pepe yangu mapema mwezi wa Machi. Idara moja ya chuo kikuu cha Marekani ilinipa nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu, pamoja na feloshipu, yaani fedha za kusomea, ya mwaka wa kwanza yenye jina refu la heshima na posho nono kuliko fedha yoyote niliyowahi kuahidiwa. Mwishoni kabisa, chini ya pongezi, palikuwa na sentensi moja: tafadhali jibu kabla ya tarehe 20 Machi, vinginevyo nafasi itapelekwa kwa mwombaji mwingine.

Nilikuwa bado nasubiri jibu la chuo cha pili. Lakini nilikuwa tayari kukubali usiku uleule.

Miaka yote kabla ya hapo niliamini kwamba ufadhili ni yale majina makubwa tu: Fulbright, iliyoanzishwa kwa sheria ya Marekani mwaka 1946, Chevening ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, DAAD ya Ujerumani. Wenzangu nao waliamini hivyohivyo, na nimewaona watu wenye akili nyingi wakikata tamaa ya kusoma baada ya kukosa mojawapo. Hakuna aliyetuambia kwamba Marekani wanafunzi wengi wa uzamivu hulipiwa na idara zao wenyewe, kwa fedha za chuo au za miradi ya utafiti, au kwa kazi ya kusaidia kufundisha. Unaomba nafasi ya kusoma, na mara nyingi ombi la ufadhili linakuwa limo humohumo. Jambo hili linaniuma mpaka leo kwa ajili ya wale walioacha kuomba.

Kesho yake nilikwenda kumwona mwalimu wangu, mama aliyeniandikia mojawapo ya barua za mapendekezo. Alinipongeza, akaichapa ile barua, akachukua penseli.

"Kaa, mwanangu. Tuisome."

"Nimeshaisoma, Mwalimu."

"Umesoma pongezi. Sasa tusome masharti."

Pembeni mwa posho aliandika "miezi 9". Mimi nilikuwa nimeigawanya kwa 12. Barua ilisema posho ni ya mwaka wa masomo, na mwaka wa masomo huisha Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti hapakuwa na senti. Akashuka mstari unaofuata. Ada ya masomo ilikuwa imesamehewa, ndiyo, lakini kuna michango mingine ambayo vyuo hutoza kila muhula, na barua haikuitaja. Bima ya afya "itapatikana". Penseli ilisimama hapo.

"Itapatikana, au italipiwa? Na nani?"

Kisha akaniuliza kuhusu kodi, nami sikuwa na la kusema. Alinieleza kwamba Marekani sehemu ya feloshipu inayolipia ada haikatwi, ila ile ya kujikimu inahesabiwa kuwa kipato, na mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo kwa kawaida hukatwa asilimia 14 juu kwa juu, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa kodi na Marekani. Mwaka wa pili na kuendelea ulielezwa kwa sentensi moja tu: ufadhili "unatarajiwa kuendelea, kulingana na upatikanaji wa fedha". Aliizungushia duara, akaandika "kazi gani? miaka mingapi?"

Tarehe 20 Machi aliiacha mwisho. Aliipigia mstari, akafungua kompyuta yake na kunionyesha azimio la Council of Graduate Schools, baraza linaloviunganisha vyuo vinavyotoa masomo ya uzamili na uzamivu nchini Marekani. Azimio linasema mwanafunzi aliyepewa ufadhili hawajibiki kujibu kabla ya Aprili 15, na chuo kinachomwekea tarehe ya mapema zaidi kinakwenda kinyume na makusudio yake. Linahusu feloshipu, skolashipu na nafasi za kulipwa kwa kusaidia kufundisha au utafiti pia. Vyuo vilivyolitia saini vimeorodheshwa hadharani. Tuliitafuta orodha, na chuo kile kilikuwemo.

Niliogopa. Nilimwambia wazi kwamba mtu anayepewa akianza kuhojihoji ataonekana hana shukrani, na kwamba wanaweza kunyang'anya kile walichonipa. Akanijibu kwamba fedha ile si sadaka: idara inatafuta watafiti na wasaidizi wa kufundisha, na imenichagua kwa kuwa inanihitaji. Kuuliza si ujinga, akasema, na huyu mratibu wa idara unayemwogopa ameajiriwa ili aulizwe.

Tuliandika barua pepe palepale, mimi nikichapa, yeye akisoma juu ya bega langu. Rasimu yangu ilianza kwa kuomba radhi kwa usumbufu. Aliifuta ile sentensi. "Toa shukrani, halafu uliza." Iliyobaki ilikuwa fupi:

"Nashukuru sana kwa nafasi mliyonipa. Bado nasubiri jibu la chuo kingine, na kwa mujibu wa Azimio la Aprili 15, ambalo chuo chenu kimelitia saini, naomba kujibu ifikapo tarehe hiyo. Wakati huohuo naomba kufahamu: wanafunzi hulipwaje miezi ya kiangazi; nani hulipia bima ya afya; na idara huahidi ufadhili wa miaka mingapi baada ya mwaka wa feloshipu?"

Jibu lilikuja bila ubishi wowote. Nisubiri hadi Aprili 15, hakuna shida. Kiangazi hakina uhakika. Bima mwanafunzi huchangia nusu. Miaka inayofuata hutegemea bajeti.

Barua ya chuo cha pili ilifika kabla Machi haijaisha. Haikuwa na jina la heshima, na posho yake kwa mwezi ilikuwa ndogo. Ila ilikuwa na miaka 5 kwa maandishi, miezi 12 kila mwaka, ada na bima vyote vimelipiwa, kwa kazi ya kusaidia kufundisha isiyozidi saa 20 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha kazi kwa mwenye viza ya masomo wakati wa muhula.

Mwalimu alikataa kunichagulia. Alichonipa ni ushauri mmoja ambao nimeutoa kwa kila aliyenijia tangu hapo: usimuulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, muulize wa mwaka wa 4. Wa mwaka wa kwanza bado yumo ndani ya feloshipu na kila kitu anakiona kizuri. Niliwaandikia wawili, mmoja kila idara. Wa chuo cha kwanza alinipigia simu badala ya kuandika. Alikuwa mwema na mkweli. Aliipenda idara yake, aliwapenda walimu wake, na kila ikifika Aprili alikuwa anasaka kibarua cha kumvusha kiangazi badala ya kuandika tasnifu. Wa chuo cha pili alinitumia sura ya tasnifu yake aliyoimaliza Agosti iliyopita.

Nilikubali chuo cha pili. Mwalimu aliposikia hakuuliza sababu. Aliuliza kama nimeshawaandikia wale wa kwanza. Nilitaka kungoja mpaka Aprili 15, maana haki yangu ilifika huko.

"Ukishaamua, usikae nayo," alisema. "Kuna mtu anaisubiri."

Niliwaandikia mchana huo, bado zikiwa zimebaki siku kadhaa. Mratibu alinijibu kabla ya jioni, akanitakia heri, na kuniarifu kwamba barua ya feloshipu ilikuwa imeshatumwa kwa mwombaji wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri.