Choki ya maji nimeiaga

Juni na Julai hapa Tabora asubuhi ni za sweta, na ndiyo miezi ambayo Cortina, gari la marehemu baba, ilikuwa inaniaibisha Isevya nzima. Kuwaka iliwaka. Kasheshe ilianza baada ya hapo: moshi mweusi, harufu ya petroli hadi sebuleni kwa jirani, silensa (kasi ya injini bila kukanyaga mafuta) imepanda juu na haishuki hata nikifika sokoni. Plagi nikifungua nazikuta nyeusi tii, kama zimelala mafigani.

Ni Ford Cortina Mk IV, injini ya lita 2, kabureta (kinachochanganya petroli na hewa) ya Weber 32/36 DGAV. Choki, yaani kinachobana hewa ili injini baridi iwake, kwenye kabureta hiyo haivutwi kwa mkono. Ubavuni kuna kikopo chenye springi ya metali mbili zilizoshikanishwa. Maji ya moto ya injini yanapita nyuma ya kikopo, springi inapata joto, inajikunjua, na kile kibati cha juu kinachobana hewa kinafunguka. Mpango mzuri, kwa gari linalotiwa kulenti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu. Letu limenyweshwa maji ya kisima miaka na miaka. Nilipofungua kikopo nilikuta tundu la maji limeziba kwa kutu na ukoko wa chumvi, hata msumari haupiti. Joto halifiki, kibati hakifunguki, injini inabugia petroli kutwa. Halafu Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenyewe nyepesi, kwa hiyo petroli inazidi kuwa nyingi kuliko hewa.

Nikaenda kwa fundi ninayemwamini, chini ya miembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hicho kibati tunang'oa, tunatupa. Asubuhi unapampu mafuta mara tatu, linawaka."

Wengi wamefanyiwa hivyo na magari yao yanatembea. Mimi roho iligoma. Nikaagiza kikopo cha umeme kutoka Gerezani, Dar, kikaja kwa basi. Hiki springi yake inapashwa joto na umeme wa volti 12, na kinakaa palepale pa cha maji kwa skrubu zilezile tatu. Jambo la kuangalia ni springi ijikunje upande uleule wa ile ya zamani, la sivyo itafunga badala ya kufungua.

Kabla ya kufunga nilikijaribu juu ya boneti: waya mmoja chanya ya betri, mwingine hasi. Kwanza kimya. Baadaye kikaanza kuwa cha moto mkononi, na ile springi ikajikunjua polepole kama jongoo aliyeona hatari imepita. Mzee fundi aliacha kazi yake akaja kutazama.

Kufunga kulichukua chini ya saa moja. Mipira miwili ya maji niliiunganisha kwa kipande cha bomba la shaba na klipu mbili, mzunguko wa maji ukabaki kama ulivyokuwa. Ndoano ya springi ikaingia kwenye mkono wa choki, nikazungusha kikopo injini ikiwa baridi mpaka kibati kikafunga kwa kubana kidogo tu, kisha nikakaza.

Waya ndio ulionitesa. Nilichukua umeme kwenye koili, inayozalisha umeme wa cheche za plagi, kwa sababu ilikuwa karibu. Uvivu huo! Kwenye gari hili waya wa koili umewekewa ukinzani makusudi, ili injini ikishawaka koili isipate volti 12 kamili. Choki ikawa inachelewa kufunguka, na kwa kuwa sasa vinagawana umeme, injini ikapata misi, ikawa inakatakata. Nikahamia kwenye fyuzi inayopata umeme funguo ikiwashwa. Misi ikaisha, lakini choki siku inafanya kazi, siku imenuna. Siku mbili nzima nililaumu kikopo, kumbe ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari. Kabureta imekalia kipande cha plastiki kinachozuia joto na gaskiti juu yake, ethi inapata kwa kubahatisha. Waya mfupi kutoka mwili wa kabureta hadi kwenye injini ulimaliza ubishi.

Sasa nakanyaga mafuta mara moja, naachia, nawasha. Nilipima kwa simu asubuhi moja ya baridi: dakika nne kibati kimesimama wima, silensa imetulia.

Mwezi uliopita tu ndiyo ilinigomea. Nazungusha, inakohoa, inazima. Kijana wangu alikuwa ameiosha alfajiri huku akisikiliza redio, na funguo ameizungusha hadi taa zote za dashibodi zimewaka. Choki ilishapata joto na kufunguka kabla injini haijawaka hata sekunde moja. Kuna wanaopitisha umeme wa choki kwenye rilei (swichi inayowashwa na umeme) inayosubiri alteneta ianze kuchaji, na nadhani nami nitafika huko. Kwa sasa nimebandika karatasi kwenye dashibodi: REDIO BAADA YA KUWASHA. Kijana ameongeza chini yake kwa kalamu, "Sawa mzee."