Gari kutoka Dar hadi Lusaka: muulize wakala nani atashika usukani

Tangu Noah yetu ifike Lusaka, Watanzania wenzangu wa huku wananipigia simu wakiuliza jambo lile lile: nilitumia kampuni gani na walinitoza kiasi gani. Bei hupanda na kushuka kila mara, mafuta tu yakicheza imeshabadilika, kwa hiyo hata nikiitaja haitakufaa. Ninalotaka mlijue ni kwamba swali la bei lije mwisho. Kwanza uliza gari litatembeaje, na litakuwa mkononi mwa nani.

Wengi wetu tunaagiza Japani na gari linashuka bandari ya Dar es Salaam. Ile bima ya baharini, kwa wanaoilipia, mara nyingi inaishia hapo bandarini. Kutoka hapo mpaka Tunduma, mpakani, ni kama kilomita 930, na ukivuka kuingia Nakonde upande wa Zambia bado una karibu 1,000 nyingine hadi Lusaka. Mtu anatumia mwezi mzima kulinganisha picha za magari na kumchunguza muuzaji wa Japani, halafu safari yote hiyo ya nchi kavu anamkabidhi mtu aliyepewa namba yake na rafiki wa rafiki.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni gari kuendeshwa lenyewe kwa namba za IT, yaani za muda za gari linalopita tu nchini (transiti), kama yale mnayoyaona yakipita Mikumi na Kitonga yakiwa na karatasi za Japani bado kwenye kioo. Ya pili ni kupakiwa kwenye karia, lori la kubeba magari. Mimi nimezaliwa Mbeya, nimekulia Uyole kando ya barabara hiyo hiyo, na IT nimeziona tangu utotoni. Madereva wake wengi wanalipwa kwa safari. Akifika Tunduma mapema, anapanda basi kurudi Dar kuchukua jingine. Hapo ndipo haraka inapotoka, na hapo ndipo wanapotoka abiria wanaookotwa Chalinze, Morogoro na Makambako, jambo ambalo kisheria haliruhusiwi. Gari lako jipya linageuka daladala usiku kucha, na likipata ajali kuna watu ndani ambao hakuna karatasi inayowatambua. Tumezika watu kwa ajali za namna hiyo, siandiki haya kumtisha mtu.

Wakala mmoja wa Dar alinipa bei nzuri sana. Tuliongea hivi:

"Gari litakwendaje?"

"Dada, usiwe na wasiwasi, litafika."

"Nani ataendesha?"

"Dereva wetu, mzoefu kabisa."

"Naomba jina lake na nakala ya leseni."

"Hayo tutakupa siku ya kutoka, dada yangu. Wewe tuma kwanza nusu."

Sikutuma. Kampuni yenye dereva wake wa kuajiriwa inamjua leo, haisubiri siku ya safari. Anayesubiri ni yule atakayekwenda kumtafuta dereva kwenye geti la bandari asubuhi hiyo hiyo.

Wakala huyo alisisitiza kwamba ana leseni ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, na bondi, na hilo lilikuwa kweli. Lakini hapa watu wanachanganya mambo. Gari la transiti linapita Tanzania bila kulipiwa kodi, na ile bondi ni dhamana kwa serikali: gari lisipotoka nchini, TRA inamdai wakala kodi yake. Hailipi kioo chako kilichovunjika wala injini iliyochemka. Leseni ni lazima uione, na uangalie kama ni ya mwaka huu, ila ukishaiona bado hujapata jibu la nani atakulipa gari likiharibika. Bima ya njiani nayo ni hivyo hivyo. Kadi ya Njano ya COMESA inatambulika Tanzania na Zambia, na kazi yake ni kumlipa mtu wa tatu aliyegongwa. Gari lako lenyewe linahitaji bima ya mzigo, au bima kubwa kwa jina la gari hilo. Omba nakala ya hati, soma tarehe, soma kiwango cha juu wanacholipa. Kampuni niliyoichukua, ya karia, ilinitumia hati hiyo bila kunizungusha, pamoja na namba ya simu ya kampuni ya bima, nikapiga mwenyewe kuhakikisha.

Sasa sehemu ambayo naomba msiipuuze: karatasi ya makabidhiano. Nilimtuma kaka yangu na orodha kwenye yadi ya Dar gari lilikohifadhiwa. Akaandika kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, 87,412. Akapiga picha betri na namba zake, jeki, spana, tairi ya spea, redio, vioo vya pembeni, makapeti. Kwenye kila tairi akatafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zetu zilikuwa 3221, yaani wiki ya 32 ya mwaka 2021. Tairi na betri ndivyo vitu vinavyobadilishwa njiani kimya kimya, kwa sababu gari linafika linatembea vizuri na mwenye gari hana habari kwamba alinunua tairi nzima akaletewa vipara. Ukiwa na tarakimu hizo hakuna ubishi. Kaka akasaini, mtu wa yadi akasaini, dereva wa karia akasaini. Lusaka tulishusha gari huku karatasi ile iko mkononi, tukapitia kitu kimoja kimoja kabla ya kumalizia malipo. Dashibodi ilisoma 87,419.

Malipo ya mwisho baada ya kushusha na kukagua, hilo lilikuwa kwenye mkataba. Na kodi ya kuingiza gari Zambia, pale Nakonde, niliilipa mwenyewe kwa ZRA, mamlaka ya mapato ya Zambia, baada ya kuona makadirio yenye jina langu. Usimtumie dereva fedha ya kodi, hata awe mcha Mungu namna gani.

Karia ina shida zake, lazima niseme. Inasubiri ijae ndipo itoke, na wakati huo gari linakaa yadi, siku za bure zikiisha gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabika. Kwa hiyo kabla hujasaini, uliza siku hizo nani analipa. Foleni ya malori Tunduma inajulikana, gari linaloendeshwa lenyewe huwa linavuka mapema. Uliza pia wanavyofunga. Dereva wetu alimwonyesha kaka: mkanda unapita juu ya tairi, tairi zote nne, mnyororo haufungwi chini ya gari. Mnyororo ukifungwa kwenye vyuma vya chini vinavyoshika tairi na lori likaruka matuta mpaka Lusaka, unaletewa gari linalovuta upande mmoja. Na ukiweza kuomba ghorofa ya juu, omba. Ya chini inadondoshewa oili na magari yaliyo juu yake.

Kama mfuko unaruhusu IT tu, sikulaumu, ndugu yangu. Karia ni ghali. Basi andikisheni kwenye mkataba: jina la dereva na leseni yake, hakuna kusafiri usiku, hakuna abiria, na kilomita za kuanzia na kuishia. Mtafutie mtu wako njiani amwone, Morogoro au Iringa au Mbeya. Dereva anayejua kwamba kuna shangazi wa mwenye gari anamsubiri Uyole na chai anaendesha tofauti.

Hivi sasa gari la binamu yangu wa Kabwe, Ractis, liko baharini na amenikabidhi mimi kazi ya kutafuta wa kulileta. Kampuni ya kwanza niliyoongea nayo imekubali kila kitu kwa mdomo, lakini neno "hakuna abiria" wamekataa kuliandika, wanasema halijawahi kuwepo kwenye fomu yao. Nimewashukuru nikawaacha. Wa pili wametuma hati ya bima jana jioni, nimeona tarehe yake inaisha kabla meli haijatia nanga, nimewaomba ya kuanzia mwezi ujao.