Kutoka ofisini hadi ufundi umeme: piga hesabu kabla ya barua

Anayetaka kuacha kazi ya mshahara ili awe fundi umeme, awe Kampala, Mbarara au Arua, huanza kwa kuulizia bei ya vifaa. Vifaa si tatizo. Anza na mkopo wa mshahara. Kwa kuwa hukatwa kabla pesa hazijakufikia, ni rahisi kusahau kuwa unadaiwa. Mshahara ukikoma, deni linabaki na riba inaendelea. Omba benki ikupe salio kwa maandishi, na uulize kama kulipa mapema kuna ada. Salio likizidi akiba yako, baki kazini kwanza.

Usitegemee NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, iwe mtaji. Kuacha kazi peke yake hakufungui akiba hiyo. Mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20. Mwenye miaka 50 aliyekaa mwaka mzima bila ajira anaweza kudai yote. Kijana wa miaka 32 ajihesabu hana kitu huko kwa sasa.

Notisi hufuata muda uliotumikia: mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi mwaka 1 hadi 5, miwili kwa miaka 5 hadi 10, mitatu kuanzia miaka 10. Ukiondoka, dai cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria.

Kazi yenyewe jifunze wikendi, mshahara ukiwa bado unaingia, tena kwa fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme. Mwombe akuonyeshe hicho kibali, usione haya. Nyumba haiungwi kwenye gridi mpaka mwenye kibali athibitishe kazi, kwa hiyo mwanzoni utafanya kazi chini ya jina lake.

Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, 2.5 wa soketi, 6 wa jiko. Hayo utayashika siku ya kwanza. Kinachochukua muda ni kuuzoeza mkono. Skrubu ya soketi ikilegea, kiungo hupata joto, plastiki inageuka kahawia, na mwenye nyumba anaanza kusikia harufu. Wakati mwingine skrubu imekaza vizuri, ila imebana ganda la plastiki badala ya shaba. Ukimaliza kukaza, vuta kila waya kwa vidole kabla hujafunika. Dukani, kwangua ncha ya waya kwa kisu: chini ya wekundu pakitokea weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Bei yake inavutia, lakini hupata joto haraka na hukatikia kwenye skrubu.

Hukusomea chuo? Cheti cha Workers' PAS, yaani cha ujuzi uliopatikana kazini, kilichoanzishwa na DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya viwandani, hutolewa kwa kupimwa kwa vitendo, bila kuulizwa ulisoma wapi. Upimaji huo sasa uko chini ya UVTAB, bodi ya kupima mafunzo ya ufundi.

Wengi hurudi kutafuta ajira kwa sababu ya malipo, wala si kwa kukosa ujuzi. Kazi ya nyumba mpya ina hatua tatu: paipu huwekwa kabla ya zege na plasta, waya huvutwa baadaye, kisha hufungwa soketi, taa na brekaa. Kati ya hatua na hatua inaweza kupita miezi mingi, mwenye nyumba akitafuta pesa. Ukikubali kulipwa mwishoni, utakuwa umemkopesha bila riba. Gawa ujira wako, kwa mfano asilimia 40 baada ya paipu, 40 baada ya waya, 20 mwishoni. Hiyo ya mwisho iwe ndogo kwa sababu ndiyo inayopotea. Pesa za vifaa zipokee kwenye laini nyingine ya simu, na risiti zote mkabidhi mwenye nyumba. Zikichanganyika na ujira, ada ya shule ya watoto italipwa kwa pesa za waya wa mteja, na wiki inayofuata huna cha kumnunulia.