Karatasi Moja Sandukuni

Kila inapofika Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya Kentucky Derby, mbio za farasi maarufu kuliko zote Marekani, kuna watu hunitumia habari ileile ya farasi Rich Strike. Septemba 2021 alichukuliwa kwa klemu, yaani alinunuliwa katika mbio ambazo kila farasi huuzwa kwa bei iliyotangazwa, pale uwanja wa Churchill Downs, kwa dola 30,000; Mei 2022 akashinda Derby huku dau lake likiwa 80 kwa 1. Ni habari ya kweli na naifurahia kila mara. Ila ikinifikia, anayenijia akilini ni yule farasi wa kahawia tuliyemchukua Januari moja, na mguu wake wa mbele wa kushoto.

Mzee, mkufunzi niliyekuwa nikimfanyia kazi, alikuwa amemfuatilia tangu vuli. Mwaka mmoja nyuma alikuwa akikimbia kwa bei ya dola 40,000. Akashuka hadi 25,000, akatoka wa pili kwa urefu wa shingo. Kisha kimya, wiki kadhaa bila hata zoezi moja lililoandikwa na wapima muda. Ghafla jina lake likatokea katika mbio za 12,500.

Katika mbio za klemu kila farasi ana bei, na mkufunzi mwenye leseni ambaye fedha zake ziko kwenye akaunti ya uwanja anaweza kutumbukiza karatasi sandukuni dakika chache kabla ya mbio. Jimboni kwetu wakati huo, mageti yakishafunguka farasi ni wako, ashinde au avunjike. Zawadi ya mbio hiyo inabaki kwa mwenyewe wa zamani. Hakuna kumshika mguu kabla, hakuna kuuliza alidungwa nini wiki iliyopita. Unachoruhusiwa ni kumtazama akizungushwa.

Sasa, farasi aliyetoka kushika nafasi ya pili anapunguzwaje bei kwa nusu? Mzee alikuwa na majibu mawili, na yote niliyasikia kinywani mwake asubuhi ile. Huenda tajiri wake amechoka kulipa bili za kila mwezi na anataka ushindi mmoja wa haraka kabla ya kuachana naye. Au bandani kwao wanajua jambo. Jibu la kwanza si ndoto. Lava Man alichukuliwa kwa dola 50,000 mwaka 2004, akaja kushinda mbio kubwa za Hollywood Gold Cup mara tatu mfululizo. Kila mkufunzi wa klemu anaamka saa kumi alfajiri kwa sababu ya farasi kama huyo.

Karatasi ikaingia.

Alikimbia vizuri hadi kona ya mwisho, akapungua, akamaliza wa nne. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na njia ya kutokea, kamba yetu mkononi, nikingoja kupewa. Hapo ndipo mtu wa ofisi alipotuambia kwamba karatasi iliyokuwemo sandukuni ni yetu peke yake. Katika uwanja ule, farasi mwenye dalili yoyote ya uhai aligombewa na mabanda manne au matano, hadi ikabidi vipira vyenye namba vitikiswe ili apatikane mmoja. Kwa huyu, wakufunzi wote waliokuwa na macho na fedha walikuwa wameona bei ile wakapita. Mzee hakusema neno. Alikunja programu ya mbio akaitia mfukoni.

Saisi wake wa zamani akamleta. Alikuwa mtu mzima kutoka Mexico, ndevu nyeupe, koti limelowa theluji. Farasi alikuwa anatembea sawasawa, kichwa hakichezi, mvuke unamtoka mgongoni. Yule saisi alifungua lijamu polepole, akapitisha vidole nyuma ya masikio palipobanwa na mkanda, akapasugua kidogo, kama jambo analolifanya kila siku. Farasi akamwegemezea paji la uso kifuani. Nikavisha kamba yetu. Nilidhani ataondoka, maana wenzetu wengi huondoka bila kutazama nyuma. Kuna tajiri anayekuangalia, na siri za banda si zako. Akainama kana kwamba anafunga kamba ya buti lake, akasema chini chini, macho yakiwa chini: "Kijana, wa mbele, kushoto. Mtie barafu usiku huu huu. Usingoje asubuhi." Akasimama, akampiga farasi kofi jepesi shingoni, akaenda zake na lijamu tupu begani.

Nilimtia barafu. Nilipofungua bendeji nilikuta joto nyuma ya mfupa, chini ya goti, sehemu ndogo isiyozidi upana wa kidole gumba. Usiku, dawa ya maumivu iliyokuwa ikiruhusiwa siku moja kabla ya mbio ilipomwisha mwilini, alianza kuupumzisha mguu ule. Altrasaundi ikaonyesha kano imechanika ndani, na sehemu ya mchaniko ilikuwa ya zamani. Hakukimbia tena. Mzee alilipia mapumziko yake hadi akapata mahali pa kuishi. Wengine wasingefanya hivyo, na namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Majira ya baridi ya 2011 kuingia 2012 farasi 21 walikufa katika uwanja wa Aqueduct, na tume ya jimbo la New York ikaeleza jinsi fedha za kasino zilivyozipandisha zawadi kupita thamani ya farasi wenyewe, hata ikalipa kumkimbiza asiye mzima. Tangu Julai 2022 zipo kanuni za nchi nzima: daktari wa uwanja akimkuta farasi anachechemea baada ya mbio, klemu inabatilishwa. Naziunga mkono kwa moyo wote. Lakini wa kwetu alitoka uwanjani akitembea sawasawa. Saa moja baadaye, sina hakika daktari angeona kitu.

Aliyejua ni yule saisi. Mara nyingi nimetamani angesema kabla ya mbio, nasi tungeiacha karatasi mfukoni. Halafu naifuata njia hiyo hadi mwisho: farasi angerudi banda lilelile, kwa tajiri yuleyule aliyetaka kumwondoa, na baada ya wiki tatu angeandikishwa tena kwa dola 8,000 katika uwanja mwingine, na huko huenda asingepokewa na mtu mwenye barafu.